Bunduki Iliyonikaa

Siku tuliyokwenda kununua bunduki yangu, bibi hakutuaga. Alijifungia chumbani akasoma Kurani kwa sauti kubwa kuliko desturi yake, makusudi tumsikie mpaka tunashuka ngazi. Mama alikuwa zamu, anaogesha wazee wa watu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na yeye alishamaliza maneno yake tangu asubuhi: "Mimi simo." Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alitangulia kituo cha basi na mkongojo wake, mguu mmoja ndani ya kiatu kipana alichopewa hospitali, na mimi nikamfuata mbio mbio kwa furaha. Furaha ile nikiikumbuka leo inanitia hasira, lakini ilikuwa furaha kweli, siwezi kuikana.

Najua msomaji atauliza mtoto wa kike wa Kipemba, anayekaa fleti ya council, nyumba za halmashauri, huko Tottenham, London, ana shughuli gani na bunduki ya kuwindia paa. Shuleni waliniuliza hivyo hivyo, tena kwa kicheko. Basi nianze na baba.

Baba alikuwa mchinjaji. Alifanya kazi kwenye bucha moja Edgware Road, ambako wageni kutoka Omani walikuja kila kiangazi kununua mbuzi mzima, na wengi walimtaka yeye hasa. Alizungumza nao Kiswahili cha nyumbani, na hakupata kuuza nyama yenye shaka. Heshima yake yote ilikuwa hapo. Katika mji ambao hakuna aliyejua jina la ukoo wetu wala nyumba tuliyotoka, watu walikuwa wanakula kwa kumwamini yeye, na alilijua hilo na akalibeba kila mahali, hata ndani ya treni, mgongo wima, mikono inanuka sabuni.

Kondoo wa bucha walitoka kwenye shamba la mzee mmoja wa Kiingereza huko Essex, karibu na barabara kubwa inayouzunguka mji. Ukisimama kimya kondeni unasikia magari yanavyokwenda bila kukatika. Mzee yule alikuwa na taabu ya paa. Walikuwa paa wadogo, wekundu, migongo imejikunja, wanatafuna miche yake ya ngano na magome ya miti yake. Baba alipowaona mara ya kwanza alisimama akaweka mkono mdomoni.

"Chesi hawa," aliniambia. "Wallahi chesi hawa, wamevaa makoti tu kwa ajili ya baridi."

Chesi ni paa mdogo wa kwetu Pemba, na babu yangu, mzazi wa baba, alikuwa msasi wake. Wasasi wale hawakuwa na bunduki. Walitega nyavu, mbwa wakafukuza, na paa akinasa kazi iliyobaki ni mbio: mtu amfikie na kisu angali hai, amchinje. Ukimwahi, ni nyama. Usipomwahi ni mzoga, unawaachia mbwa. Bibi alikuwa akisimulia kwamba babu alijulikana kijiji kizima kwa miguu yake, na kwamba yeye mwenyewe aliposwa kwa miguu ile, kwa sababu baba yake alisema nyumba ya mtu mwenye mbio haitokosa kitoweo.

Yule mzee wa shamba akamwambia baba akitaka paa achukue. Baba akahangaika na leseni, akanunua bunduki kuukuu, na Jumapili zake zikawa za shambani. Nyama ilikuwa raha yetu. Bibi aliipika kwa nazi ya kopo, akailaani nazi ya kopo, na akala mpaka akalamba vidole. Jamaa walijaa kwetu, viatu vikamwagika mlangoni mpaka nje ukumbini.

Aliyeitia doa raha hiyo ni ami yangu, mdogo wake baba. Ami alikuwa mhasibu, tena mtu wa vitabu. Siku moja sinia liko kati, watu wanakula, alirudisha mkono wake akauliza: "Kaka, huyu paa kafa kwa kisu au kafa kwa risasi?"

Baba akasema alipiga bismillahi kabla ya kufyatua.

"Wapo wanaoona hilo latosha," ami akasema, "na wapo wasioona. Risasi inavunja, haichinji. Mimi kwangu ina shaka."

Neno shaka, mbele ya mchinjaji, mbele ya watu wanaotafuna, lilikuwa kofi. Nakumbuka alivyokaa ami yangu, anajifuta mkono kwa karatasi kidole kimoja kimoja, na tonge lake limebaki sahanini. Sijapata kumsamehe. Hakukanyaga tope la shamba lile hata siku moja, lakini maneno yake ndiyo yaliyokuwa yakitangulia mbele yetu kila tulipokwenda.

Baba hakubishana naye. Alisema tu: "Basi nitamwahi."

Tangu hapo akaacha kulenga moyo. Alilenga bega. Paa akivunjika bega anaanguka, hawezi kukimbia, lakini roho anayo, na baba anatoka mbio na kisu. Alikuwa bado mtu wa nguvu, na kweli alikuwa anawawahi. Jamaa wakarudi kula, ami naye akarudi, akasifu hata mchuzi. Hakuna aliyeuliza paa alikuwa katika hali gani wakati baba anakimbia. Mimi sikuuliza pia, nilikuwa mtoto na mchuzi ulikuwa mtamu.

Kisha sukari ikamshika. Ilianza kwenye vidole vya mguu, kidonda kidogo kilichokataa kupona, na hospitali wakamkata vidole viwili. Baadaye macho yakaanza ukungu. Bucha walimhamishia kwenye kaunta, akae kitini apokee wateja, na yeye akawa anarudi nyumbani kimya, anakula kimya, anatazama televisheni ambayo sidhani aliiona vizuri. Shambani aliendelea kwenda, lakini sasa alikuwa anafika kwa paa aliyekwisha kufa. Mzoga ule hatukuutupa. Mlango wa pili kutoka kwetu aliishi mama mmoja Mkongomani, mfanya usafi maofisini, na yeye aliupokea kwa mikono miwili.

"Muniletee tu, papa," alikuwa akimwambia baba. "Sie tunakulaka yote. Aksanti sana."

Baba alicheka naye mlangoni. Akishafunga mlango hakucheka tena.

Mwaka ule mimi nilikuwa nashinda mbio za shule. Nilirudi na nishani ya bati shingoni, na baba akaishika, akaisogeza karibu na macho yake, akaisogeza mbali. "Miguu ya babu yako hii," alisema. Siku chache baadaye akaniuliza kama nataka kujifunza kuwinda. Bunduki yake yeye ilikuwa ndefu na nzito kwa mtoto, kwa hiyo ilibidi nipate ya kwangu.

Bibi alipiga kelele. "Mtoto wa kike akachinje maporini? Utamwoza kwa nani?"

"Mama, dini haikumkataza."

"Dini haikumkataza. Namkataza mimi."

Lakini bibi alikuwa akiishi kwetu, na mwanawe ndiye aliyekuwa mgonjwa, na mwisho alinyamaza kama wanavyonyamaza wazee wetu, yaani akawa anasema na vyombo jikoni.

Polisi wa leseni alikuja nyumbani, mtu mzima mpole mwenye begi la ngozi. Alilikagua kabati la chuma la kufungia bunduki, ambalo lilifungwa kwa misumari mikubwa kwenye ukuta wa chumba cha bibi, maana ndio ukuta pekee wa tofali. Kuta zilizobaki zilikuwa mbao nyembamba. Bibi alimpa chai ya iliki na akakataa kumtazama. Chini kwenye uwanja wa estate, kati ya majengo yetu ya fleti, ukichungulia dirishani, kulikuwa na nguzo iliyofungwa maua yaliyokauka ndani ya plastiki, mahali alipopigwa risasi kijana wa jengo la pili. Polisi aliitazama nguzo ile, akanitazama mimi, kisha akaomba azungumze nami peke yangu.

"Why do you want a rifle?" aliniuliza.

"I want to go with my dad," nikasema.

Hilo ndilo lililokuwa kweli, na ningelisema hata mbele ya bibi. Paa sikuwataka, bunduki sikuitaka. Nilimtaka baba. Kondeni, siku aliponichukua kutazama tu, alikuwa mtu mwingine: alinionesha kwato kwenye tope, alinihadithia mitego ya babu, aliniita msasi. Nyumbani alikuwa amekwisha kuondoka, kimebaki kiti chake. Kama njia ya kumrudisha ilipita kwenye duka la bunduki, basi ningeipita njia hiyo hata miguu mitupu.

Duka lilikuwa mwisho wa basi, kaskazini kabisa, nyuma ya kituo cha petroli, na nondo madirishani. Ndani kulinukia mafuta na mbwa. Mwenye duka alikuwa mzee wa miwani iliyofungwa kamba shingoni, na mbwa wake alilala chini ya kaunta. Nilitegemea atatucheka au atatutilia mashaka, Mwafrika na mkongojo wake na binti aliyevaa mtandio. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alitazama makaratasi yetu, kisha akaniambia nikunje mkono.

Aliniwekea kitako cha bunduki kwenye kiwiko akaangalia kidole changu kinafika wapi kwenye triga. Akachukua nyingine fupi zaidi. Akaniambia nifumbe macho, niinue bunduki begani nilivyozoea kuinua kitu, kisha nifumbue. Nikifumbua na jicho langu limekaa sawasawa nyuma ya darubini, basi bunduki inanikaa. Nikilazimika kunyoosha shingo, hainikai. Nilifumba na kufumbua kwa bunduki nyingi. Baba alisimama nyuma yangu, na kila nikifumbua nasikia anavuta pumzi. Sijapata kushonewa nguo kwa uangalifu namna ile.

Zikabaki mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa na risasi kubwa zaidi. Mwenye duka alisema hiyo ndiyo angempa mjukuu wake. Teke lake ikifyatuliwa si kali, alisema, na yeye ataweka mpira mnene kitakoni lisimwumize mtoto. Mtoto akikosea kidogo, risasi ile inamaliza kazi. Mnyama haendi mbali wala hataabiki. Ile ndogo inaruhusiwa kwa paa wadogo, na ni nyepesi, na ni nzuri mkononi mwa mtu aliyezoea. Lakini ndogo haisamehe. Alirudia neno hilo mara mbili akimtazama baba juu ya miwani yake.

Baba aliziinua zote mbili. Akaniambia kwa Kiswahili, taratibu: "Ile kubwa itampasua. Hutomkuta na roho."

"So which one?" nikauliza.

"Hii ndogo. Hii itamlaza tu, nawe una mbio."

Mwenye duka akauliza bwana amesemaje. Baba akageuka, akatabasamu ile tabasamu yake ya bucha, akamjibu mwenyewe kwa Kiingereza: "This one. It fits her."

Na ilikuwa kweli. Ilinikaa vizuri kabisa. Mzee wa watu alikunja midomo, akasema customer ndiye anayejua, akaanza kuifunga. Tulirudi na basi, bunduki iko katikati yetu ndani ya mfuko mrefu wa kijani kama wa ala ya muziki, na baba aliongea njia nzima. Kijana mmoja wa estate alituuliza ngazini kama hiyo ni gitaa. Baba akasema ni gitaa, akacheka mpaka akakohoa.

Tulifanya mazoezi shambani kwa kulenga karatasi, miezi mizima. Baba alikuwa mwalimu mzuri na hakunipigia kelele. Alichora paa kwa kalamu ya wino juu ya katoni, akatia alama begani, na akanitia alama hiyo kichwani pia. "Moyo uache," alikuwa akisema. "Moyo si wako." Kisha alinifundisha kisu: mkono wa kushoto chini ya taya, goti mgongoni, uso kibla, usisite. Mtu anayesita, alisema, ndiye anayemwumiza mnyama. Nilimwamini, kwa kuwa kwa kondoo wa bucha ilikuwa kweli.

Paa wangu wa kwanza alitoka kichakani asubuhi ya baridi, ardhi nyeupe kwa umande ulioganda. Baba alikuwa amekaa nyuma yangu juu ya kiti cha kukunja, kwenye kona ya konde, kwa sababu hakuweza kusimama muda mrefu. Nikasema bismillahi. Nikalenga bega. Teke la bunduki sikulisikia hata kidogo.

Paa akaanguka, kisha akalia.

Hakuna aliyeniambia kwamba wanalia. Baba aliwaua wengi lakini mimi sikuwapo, nilikuwa nakutana nao sufuriani. Ilikuwa sauti kali ya mtoto aliyebanwa na mlango, haina pumziko, inaanza upya kabla haijaisha. Nikaachia bunduki, nikachomoa kisu, nikakimbia. Konde lilikuwa limelimwa na lilikuwa limeganda, madongo kama mawe, na kila nikikanyaga mguu unateguka. Mbio zangu za shule zilikuwa kwenye njia ya mpira laini. Nilianguka, nikainuka. Nyuma yangu nikimsikia baba anaita kwa furaha, "Mwahi! Mwahi!" na mbele yangu kile kilio.

Nilimkuta anajaribu kuamka kwa miguu ya nyuma. Bega lilikuwa limekwisha, mfupa uko nje, na kila akijisukuma anazunguka palepale. Aliponiona alinyamaza. Kunyamaza kule kulinishinda zaidi kuliko kilio. Nikampiga goti, nikamgeuza, nikatafuta kibla kwa jua na jua halikuwapo. Nikasita. Nilisita kwa sababu nilikuwa namtazama jicho, jeusi, kubwa, na mimi nilikuwamo ndani yake na mtandio wangu. Nikakata, nikawa sijakata vya kutosha, nikakata tena.

Baba alifika baada ya muda mrefu, anahema, mkongojo umejaa tope. Akaangalia damu ilivyotoka, damu ya mnyama aliyekuwa hai, akashika kichwa changu kwa mikono miwili akanibusu juu ya mtandio. "Umemwahi," alisema. "Msasi wangu." Alikuwa analia kwa furaha. Mimi nilitapika kando ya mtaro, naye akanishika mgongo, akasema hata yeye ilikuwa hivyo mara ya kwanza.

Jioni ile nyumba ilijaa. Ami alinishika mkono akasema mashallah, nyama hii haina neno. Bibi mwenyewe, aliyenikataza, alinipakulia kipande cha kwanza. Nilikiweka mdomoni, nikakigeuza, nikakitema kwenye karatasi kisiri. Baba aliongea usiku ule kuliko alivyoongea mwaka mzima, na mama, aliyekuwa hayumo, alimtazama baba anavyocheka na akanitazama mimi kwa macho ya kuniomba. Nikaelewa ninachoombwa. Kila Jumapili nikaenda tena.

Sitawasimulia wote. Wengine niliwawahi na wengine sikuwawahi. Mmoja aliingia kwenye mtaro ulio kando ya barabara kubwa, tukamtafuta kwa kufuata sauti, na magari yakipita sauti inapotea, yakipungua inarudi. Ndotoni nilikuwa nakimbia tu. Nilipomwambia baba kwamba wanalia sana, alijibu kwa upole: "Najua, mwanangu. Ndio maana tunakimbia." Nilimwambia tubadilishe bunduki, tuchukue ile kubwa, tulenge moyo kwa bismillahi kama alivyofanya zamani. Akasema ami yangu na watu watasema nini. Hapo nilimkasirikia. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa anaugua, mguu unamwozea, na bado alimwogopa mtu anayejifuta vidole.

Majira ya baridi ya pili, kondeni palepale, paa alisimama ubavu, karibu, ametulia. Baba akanong'ona, "Bega." Nikasema bismillahi na nikalenga moyo. Paa alikaa chini alipokuwa amesimama, akalaza kichwa, basi. Hapakuwa na sauti yoyote ila ya magari.

Sikukimbia. Niliweka bunduki chini nikakaa kitako juu ya tope.

"Kimbia!" baba alisema. "Unangoja nini?"

"He's dead, Dad."

"Umekosea?"

"Sikukosea," nikamjibu kwa Kiswahili, nataka aelewe kila neno. "Nimetaka afe."

Hakunipiga wala hakunitukana. Alinitazama kwa macho yake yale yenye ukungu, akakunja kiti chake, akaanza kutembea kuelekea gari la mzee wa shamba. Paa yule alikwenda kwa jirani yetu Mkongomani. Baba alifunga bunduki yangu kabatini mwa bibi, akatia ufunguo mfukoni, na shambani hatukwenda tena. Alirudi kitini kwake. Nilikuwa nimempata baba kwa bunduki ile na nimempoteza kwa bunduki ile ile, na nilikuwa na miaka kumi na mitano na sikuwa na wa kumwambia.

Sukari haikumpiga pigo moja. Walikata mguu chini ya goti. Kidonda kikakataa. Wakakata juu ya goti. Figo zikalegea, akawa anapelekwa mashineni kusafishwa damu, anarudi rangi imegeuka majivu. Mguu wa pili ukaanza vidoleni kama wa kwanza. Kila tukisema sasa imekwisha, madaktari walipata kipande kingine cha kuokoa, na baba alibaki na roho. Ilikuwa hivyo mwaka na zaidi. Ami alikuja akamsomea, akasema mgonjwa anafutiwa madhambi. Nilitoka nje ya wodi nisije nikamjibu.

Alasiri moja nilikuwa peke yangu naye. Wodi ilikuwa na joto na harufu ya uji na dawa, na dirisha halifunguki. Alikuwa ametoka kukatwa tena na dawa ya maumivu ilikuwa imemwisha. Alibonyeza kitufe cha kumwita nesi, taa ikawaka juu ya kitanda, hakuja mtu. Nikatoka kuwaita, wakaniambia wanakuja sasa hivi. Niliporudi alikuwa anauma shuka ili asipige kelele, kwa kuwa wagonjwa wengine wanasikia. Alikuwa mtu wa haya mpaka mwisho.

Maumivu yalipompa nafasi, akasema: "Yule paa wako wa mwanzo. Alilia muda gani?"

"Sijui, baba. Mpaka nilipofika."

"Mimi nilikuwa nakutazama unakimbia. Nilikuona unaanguka." Akavuta pumzi. "Nikawa nasema moyoni, mtoto anakawia. Sikusema paa anangoja."

Nilimfuta uso kwa kitambaa cha maji.

"Yule mzee wa dukani alituambia," akasema. "Tungelinunua ile kubwa."

Sikutaka aende na hilo. Nilikuwa nimemkasirikia miaka miwili, na pale pale hasira zote ziliniisha, nikatafuta neno lolote la kumpunguzia. Nikamwambia bunduki ile ilikuwa nzuri, baba, alinichagulia vizuri, nilifumbua macho na jicho langu lilikuwa mahali pake, ilinikaa.

"Wewe ilikukaa," baba akasema. "Paa je?"

Kisha akanyoosha mkono akabonyeza kitufe tena, na tukasikiliza wote wawili kama kuna mtu anakuja.